Gari Lililozaliwa na Magari Sita

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Songea)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote ila nisizungumzie mipango ya maendeleo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku na wengi wenu mmekwisha kuisikia hadi mmechoka. Akaongeza kwamba habari za lile gari langu zimefika mpaka Dodoma, na kwamba zimefika zikiwa zimepotoka. Basi nimeona ni heri nizieleze mwenyewe. Kwanza nikiri kwamba mimi si mhandisi. Nimesoma uchumi na takwimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya mwaka 2014 sikuwa nimewahi kufungua hata plagi ya motokaa.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mtindo wa tatu. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu milimani Umatengo, kupita Litembo, alilinunua katika mnada wa magari ya serikali mwaka 1987. Alilitumia kuchukua kahawa, mahindi, maharusi, wagonjwa na maiti. Mwaka 1996 nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hapa, kahawa ilikuwa haijalipwa. Ada ilitakiwa, sare zilitakiwa, godoro na sanduku vilitakiwa. Baba akaifungua ekseli ya nyuma akaiuza kwa mtu mwenye Land Rover ya namna hiyo hiyo. Gari likawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Alisema atanunua ekseli nyingine msimu ujao. Msimu ujao mdogo wangu naye alikuwa anaumwa, na uliofuata ulikuwa na lake, na baba alifariki mwaka 2009 gari likiwa bado juu ya mawe yale yale.

Sikulifikiria sana hadi Januari 2013. Mvua ilikuwa imekaza, mama akashikwa na homa ya mapafu, na gari la kukodi kutoka Mbinga likafika mguu wa mlima likakataa kupanda. Vijana wakambeba mama kwa machela tangu alfajiri hadi saa nane mchana, wakikata katikati ya mashamba ya ngoro, maana njia yenyewe ilikuwa tope tupu. Alipona. Lakini mimi nilikuwa Songea mjini, ofisini, nikipokea simu kila nusu saa, na kila simu nilikuwa nikiliona lile gari juu ya mawe, na ekseli ambayo nilikuwa nimeisoma kwa miaka minne.

Mwaka uliofuata nikalileta Songea juu ya lori, likashushwa uani kwangu chini ya mwembe. Mke wangu aliuliza litakaa muda gani. Nikamjibu miezi mitatu. Lilikaa miaka miwili. Kuku walitaga ndani yake, na kamba ya kuanikia nguo ilifungwa kwenye fremu ya kioo.

Fundi niliyempata ni mzee mmoja aliyejifunza kazi ujanani mwake Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, na ambako karakana za misheni zimewafundisha ufundi vijana wengi wa mkoa huu. Hasemi maneno mengi. Siku ya kwanza alilizunguka gari mara moja, akagonga bodi kwa kidole, akasema, “Hii ni aluminiamu, Bwana Mipango, haishiki kutu. Ndiyo maana inadanganya watu.” Akajilaza chini, akaigonga chasisi kwa nyundo, na vipande vya kutu vikamwangukia usoni. Tulitumia miezi mitano ya kwanza kukata na kuchomelea chasisi tu. Sitawachosha kwa hayo.

Injini ya zamani, ya petroli, ilikuwa imeshikana kabisa. Tukanunua injini ya dizeli ya Isuzu, ile ya 4JB1 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,771, kutoka kwenye pikapu iliyopinduka. Nililipa shilingi 2,200,000 za mkopo wa ushirika wa akiba. Mzee alishauri tubakize gia boksi ya Land Rover, kwa sababu ikibaki mahali pake, basi propela shafti, vigingi vya gia na mikono yote inabaki mahali pake, na kwa sababu Isuzu hiyo haina nguvu za kupita kiasi za kuweza kuivunja. Kazi ikawa ni kuziunganisha injini ya Kijapani na gia boksi ya Kiingereza ambazo matundu yao ya bolti hayafanani hata moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi hii ni nini. Mtu akitazama gari la namna hii anaona vipuri: injini hii, ekseli ile. Lakini vipuri karibu vyote ni vizuri, vilitengenezwa na watu waliojua wanachofanya, kila kimoja kwa gari lake. Hatari iko pale magari mawili yanapokutana, kwa maana hapo hakuna mhandisi yeyote aliyewahi kupafikiria isipokuwa wewe, na wewe ulisoma takwimu. Kati ya injini na gia boksi tuliweka bamba la chuma lililokerezwa, na bushi ya shaba ya kushika ncha ya shafti ya gia boksi ndani ya flaiwili. Bamba la kwanza lilikuwa limekosea kiasi cha unene wa ukucha. Kwa macho, zuri kabisa. Lilipofungwa, klachi ilitetemeka na gia boksi ikalia kama mtu mwenye jino bovu. Tukarudi kwenye mashine ya kereza, mara ya pili, na ya tatu.

Naomba nitoke kidogo kwenye habari yangu. Msidhani kuunganisha magari ni kazi ya watu maskini peke yao. Land Rover yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1947 kampuni ya Rover huko Uingereza ilijenga gari lake la kwanza la majaribio juu ya chasisi na ekseli za Jeep, likatiwa injini ya Rover. Gari lenyewe lilitolewa hadharani huko Amsterdam Aprili 1948. Na hapa kwetu tunalo shirika la Nyumbu pale Kibaha, lililo chini ya ulinzi wa taifa na lililoanzishwa rasmi mwaka 1985, ambalo watu wake walibuni na kujenga malori ya Kitanzania ya kuhimili njia zetu. Jirani zetu Kenya walionyesha motokaa zao za Nyayo Pioneer mwaka 1990. Tumezoea kuyacheka majaribio hayo kwa kuwa hatuyaoni barabarani. Mimi tangu nishike spana nimeacha kucheka. Napenda pia jina la Nyumbu, kwani nyumbu ni yule mnyama wa porini, lakini pia ni mtoto wa punda na farasi, na gari langu watoto waliliita hivyo hivyo kabla ya kulipa jina jingine nisiloweza kulitaja mbele ya walimu.

Sasa ekseli. Land Rover za mtindo wa baba zimekuwa adimu, mafundi wamezimaliza. Nikapata ekseli ya nyuma ya gari la baadaye, Land Rover 110. Kwa umbo la kibuyu chake cha katikati inafanana na ile ya 109, bolti za ringi ni tano na zinaingia bila matata, ila ni pana zaidi, hata gari likaonekana kwa nyuma kama bata. Nikafurahi, nikaona upana huo ni uthabiti. Tukachomelea vikalio vya springi za mapleti, maana 110 hutumia springi za koili, na Mzee akasimamia pua ya difu itazame juu kwa pembe ile ile ya zamani ili krosi za propela zisife mapema. Mimi nikawa tayari kuwasha gari.

Mzee akauliza, “Difu ya nyuma ina hesabu gani?”

Nikamjibu zote ni Land Rover.

Akaniambia nipime. Nikainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, nikaweka chaki kwenye propela, nikazungusha gurudumu mara 10 huku mtoto wangu akihesabu. Propela ilizunguka mara 17 na sehemu kama robo tatu. Nikagawanya, nikaandika 1.77, nikampelekea Mzee daftari kama mwanafunzi anayepeleka kazi ya nyumbani. Alitazama kwa muda. “Gurudumu la upande wa pili lilikuwa wapi?” Nikasema lilikuwa chini, limesimama. “Basi difu imekupa mizunguko miwili kwa mmoja. Zidisha kwa mbili.” Jambo hilo lilifundishwa kwenye fizikia, nina hakika, na nina hakika zaidi kwamba siku hiyo nilikuwa dirishani natazama mpira.

Jibu sahihi lilikuwa 3.54. Tulipoipima difu ya mbele, ya gari la baba, ilikuwa 4.7. Maana yake ni kwamba propela zote mbili zikizunguka mara 47, magurudumu ya mbele yanazunguka mara 10 na ya nyuma yanataka kuzunguka zaidi ya mara 13. Kwenye tope yangeteleza, mambo yakaenda. Kwenye ardhi kavu, ukiwa umeunga magurudumu yote manne, chuma kimoja lazima kivunjike. Kwa hiyo ingebidi zifanane. Kuibadilisha ya nyuma ni kazi ngumu, kwa vile difu ya aina hiyo hupangwa ndani ya kibuyu chenyewe kwa vipimo vidogo sana. Ya mbele hutoka kwa bolti, nzima. Nikasafiri hadi Mbeya, nikapata difu ya 3.54 kutoka kwenye Range Rover ya zamani, yenye meno 10 ya hafu shafti kama ya baba. Ikaingia kana kwamba ilizaliwa mle. Nikajiona fundi.

Viti vilitoka kwenye Hiace iliyokuwa daladala, na mlango wa nyuma wa karai la mizigo ni wa Bedford ambayo wenye umri kama wa Mwenyekiti wataikumbuka. Kwa hesabu hiyo magari ni sita. Kwa kweli yalikuwa saba, na huyo wa saba ndiye aliyenileta mbele yenu.

Injini tuliyoinunua haikuwa na alteneta. Mzee alikuwa amekwenda msibani Namtumbo, akakaa wiki mbili. Mimi nilikuwa na likizo inayokwisha, na msimu wa kahawa wa mwaka 2016 ulikuwa umeanza. Nikanunua alteneta ya gari dogo la abiria, nikatengeneza kishikizo, nikafunga mkanda, ikachaji vizuri. Ulikuwapo pia mpira wa boosta ya breki, ambao katika injini ya petroli huchomekwa kwenye njia ya hewa, nyuma ya kabureta. Nikauchomeka kwenye njia ya hewa ya Isuzu. Nilikuwa nimefanya kama kitabu cha Land Rover kilivyosema.

Ndugu zangu, injini ya petroli huvuta hewa kupitia mahali palipobanwa, na kule kubanwa ndiko kunakofanya ufyonzaji unaoisaidia boosta kusukuma breki. Dizeli haibani. Inapumua wazi. Kwa hiyo waliotengeneza Isuzu waliweka pampu ndogo ya kufyonza hewa, na pahali walipoiweka ni mgongoni mwa alteneta. Alteneta ya asili. Ile ambayo sikuwa nayo. Mpira wangu ulikuwa umechomekwa mahali pasipo na kitu.

Nilizunguka mjini, kutoka Bombambili hadi Lizaboni na kurudi, mahali pa tambarare, gari likiwa tupu. Pedali ilikuwa ngumu. Nikasema ni gari la kazi, mguu utazoea.

Siku iliyofuata tukaenda nyumbani. Mama alitoka nje akaligusa, hakusema kitu, akaingia ndani akatuletea chai. Tukapakia magunia ya kahawa, na mdogo wangu akapanda nyuma kama utingo, kama alivyokuwa akifanya kwa baba akiwa mtoto, na gogo la kuzuia gurudumu mkononi. Kuna mteremko mmoja mrefu kabla ya kufika barabara kubwa. Baba alinifundisha kuuteremka kwa gia ya pili, nami nikaweka ya pili. Lakini gia ya pili ya baba ilikuwa na difu ya 4.7. Kwa difu zangu mpya gari hilo hilo, gia hiyo hiyo, injini ikizunguka vile vile, lilikuwa linakwenda kwa mwendo uliozidi kwa theluthi moja. Nikakanyaga breki. Nikakanyaga kwa miguu miwili, nikiwa nimesimama. Lilipunguza mwendo kidogo tu, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikavuta breki ya mkono, ambayo katika Land Rover hizi hushika propela ya nyuma, ilikwaruza ikaachia.

Mdogo wangu aliona kabla sijapiga kelele. Aliruka chini, akakimbia sambamba na gari, akatupa gogo mbele ya tairi la nyuma. Tairi likapanda juu yake likalirusha. Akaliokota, akaliweka tena, safari hii akilishikilia kwa mkono mpaka dakika ya mwisho. Gari lilikaa upande, likagonga ngema, likasimama. Nilishuka nikamkuta ameketi barabarani anautazama mkono wake wa kushoto. Alipoteza vidole viwili, cha shahada na cha kati.

Katika machela ya pikipiki, tukielekea hospitali, neno la kwanza alilosema ni, “Kaka, kahawa imemwagika yote?”

Mzee aliporudi kutoka msibani nilimpeleka kwenye gari. Alifungua boneti, akaitazama alteneta muda usiozidi nusu dakika. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Alisema, “Ungenisubiri,” akafunga boneti.

Niliamua kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilikwisha kupatana nao bei. Nikaenda kumwambia mdogo wangu, nikitaraji atafurahi, naye mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Akaniambia, “Ukiliuza kwa kilo, na vidole vyangu umeviuza kwa kilo.” Akaninyamazia kwa siku nne. Mama naye hakunisemesha. Siku ya tano nikawapigia wale wanunuzi simu.

Tulianza upya, polepole. Nikatafuta alteneta ya asili yenye pampu yake mgongoni, pamoja na mpira wa kuleta mafuta ya injini kwenye pampu na wa kuyarudisha, maana pampu hiyo isipopata mafuta hufa. Tukafunga geji ya kuonyesha ufyonzaji, ipo mbele ya dereva, kubwa kama saa ya ukutani. Bitana zote za breki mpya. Na kwenye mteremko ule sasa tunateremka kwa gia za chini, zile za mkono mwekundu, hata kama wa nyuma yetu anapiga honi.

Lilibaki suala la karatasi. Kadi ilisema gari ni la petroli, na namba ya injini iliyoandikwa ilikuwa ya injini niliyokwisha kuitupa. Nilienda ofisi tatu na meza zisizo na idadi. Mimi mwenyewe ni mtumishi wa serikali, na safari hiyo nilijifunza tunavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Mkaguzi wa magari wa polisi ndiye aliyenipa heshima. Alivua kofia, akaingia chini ya gari na tochi, akakaa humo kama robo saa. Aliuliza swali moja tu: ufyonzaji wa breki unatoka wapi. Nilimwonyesha. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando, mkono mfukoni.

Leo mwenye kuliendesha ni yeye. Mimi nakaa upande wa abiria, kwenye kiti cha Hiace. Kila asubuhi kabla ya kuondoka huwasha injini, hutazama geji, hukanyaga pedali mara tatu, kisha huzima na kukanyaga tena, na hapo haruhusu mtu yeyote kuzungumza naye. Mvua za mwanzo wa mwaka jana alimshusha mama jirani, mwenye uchungu wa kuzaa, kwa njia ile ile ya machela, tope likiwa juu ya ringi. Walifika usiku. Mtoto ni wa kike. Wazazi walitaka kumpa jina la gari, tukawaomba wasifanye hivyo.

Ekseli ya baba niliitafuta pia. Yule aliyeinunua mwaka 1996 alifariki, gari lake likauzwa, likauzwa tena, na mara ya mwisho lilionekana Tunduru. Kama kuna mwenzetu anayefanya kazi upande huo na akaiona Land Rover 109 ya zamani ambayo ekseli yake ya nyuma ina alama ya msalaba uliokatwa kwa tindo karibu na tundu la kujazia mafuta, naomba anipigie simu. Sitaki kuinunua. Nataka kujua tu kama bado inazunguka.

Gari liko nje, chini ya mti wa pili kutoka lango. Mdogo wangu yuko nalo, na atawafungulia boneti wanaotaka kuona. Msiegemee bampa la mbele, rangi bado mbichi.